Pipa Moja la Mzee Taratibu

Jina la Shangazi Mvuke hakujipa mwenyewe. Alipoanza kazi kiwandani alikuwa msichana mwembamba mwenye cheti cha maabara na viatu vya kuazima kwa dada yake mdogo, na akinamama wa kufungasha walimwita Dada Mvuke. Kila walipopita dirishani kwake walimkuta ameinamia chupa inayochemka, jasho linamtiririka, macho hayapepesi. Miaka ikaenda. Mvi zikaanza kuchungulia juu ya masikio, na bila mkutano wala tangazo Dada akageuka Shangazi. Siku aliyoitwa hivyo mara ya kwanza alikwenda msalani, akajitazama kwenye kioo, akanawa uso, akarudi kazini.

Kiwanda kilitengeneza rangi za kucha na dawa ya kuzifutia. Vyote viwili vilitaka asetoni, kile kimiminika chepesi kama maji, chenye harufu kali inayopanda puani na kumwamsha hata aliyelala fofofo. Asetoni ililetwa kwa mapipa kutoka ghala la mji mwingine, na kabla pipa halijateremshwa kwenye lori ilibidi ijulikane kama ni safi au imechanganyika na kitu. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Shangazi Mvuke. Wengine walibandika lebo, wengine walipima uzito. Yeye alichemsha.

Usidhani kuchemsha ni kuweka sufuria jikoni. Alichota asetoni kwa mrija wa kioo uliofika chini kabisa ndani ya pipa, akaimimina kwenye chupa ya duara, akatia vipande viwili vitatu vya kigae kilichovunjwavunjwa ili mchemko uje kwa adabu, usiruke ghafla na kumrushia usoni. Kisha akachomeka kipimajoto shingoni mwa chupa, akikipandisha na kukishusha mpaka tone lake la zebaki likae sawa na mdomo wa bomba la pembeni, pale mvuke unapotokea. Ukikizamisha kwenye kimiminika kitakudanganya kwa kuzidisha, na ukikiinua mno kitakudanganya kwa kupunguza. Moto wa wazi haukuruhusiwa, maana asetoni na moto ni paka na panya, ila hapa panya ndiye anayelipuka. Alitumia beseni la maji ya moto. Maji baridi yakapita nje ya bomba la kupozea, mvuke ukarudi kuwa matone, matone yakaanza kudondoka kwenye chupa ya pili, nayo macho yake yakabaki kwenye zebaki.

Asetoni safi huchemka kwenye nyuzi hamsini na sita. Ikifika hapo inatulia. Unaweza kuongeza joto la beseni upendavyo, yenyewe itabaki hapohapo, ikitoka taratibu mpaka chupa inakaribia kukauka. Iliyotiwa maji haina utulivu huo. Inaanza vizuri, halafu inapanda kidogo, halafu inapanda tena, kama mtu anayebadilisha maelezo kila akiulizwa. Alipenda ule utulivu wa hamsini na sita. Kuna watu wanaopenda kusikia mlango wa nyumbani ukifunguliwa jioni. Yeye alipenda zebaki inaposimama.

Mlango wa nyumbani kwake aliufungua mwenyewe. Alikaa na mama yake mpaka mama alipofariki, katika vyumba viwili vinavyotazamana na ua wa pamoja. Watu walikuja kuposa miaka hiyo, si kwamba hawakuja. Mmoja alikuwa fundi saa, mpole kweli, lakini mama alikuwa ameanza kuumwa miguu na fundi saa alitaka kuhamia mbali. Dada yake mdogo aliolewa upesi, akazaa, akahama na mumewe. Kaka yao mkubwa alikuwa na mji wake na mambo yake. Kwa hiyo yule aliyebaki ndiye aliyebaki, na mama alipozikwa watu wakatawanyika, akajikuta anapika sufuria ileile kubwa kwa mazoea, anakula chakula kilekile kwa siku mbili. Baadaye akaigawa sufuria kwa jirani yake, mama wa mapacha, akanunua ndogo. Jirani alifurahi sana. Yeye aliingia ndani, akakaa kitandani na koti lake la kazi bado mwilini.

Dada mdogo alipiga simu mara kwa mara. "Dada, u mzima?" "Mzima." "Kazi?" "Kazi ipo." "Basi vizuri." Kisha kila mmoja akamsikiliza mwenzake akipumua, mpaka watoto wa dada mdogo walipoanza kugombana nyuma ya simu na mazungumzo yakapata sababu ya kuisha.

Kazini napo chumba chake kilikuwa kimetengwa, na si kwa ubaya. Chumba cha kuchemshia vitu vinavyoshika moto hakikai katikati ya watu, basi maabara iliwekwa mwisho wa kiwanda, nyuma ya uwanja wa malori. Akinamama wa kufungasha walikula pamoja, wakacheka pamoja, wakasutana pamoja. Yeye alikula mezani kwake, dirisha wazi, harufu ya asetoni ikimpunguzia ladha ya chakula.

Mtu pekee aliyefika mpaka mlangoni pake na kukaa alikuwa dereva wa lori la mapipa. Walimwita Mzee Taratibu. Inasemekana siku moja konokono alimpita barabarani, naye akampigia honi kumshukuru kwa kutomgonga. Habari hiyo aliitunga mwenyewe, na alipenda kuisimulia. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye shati lililopigwa pasi hata baada ya safari ya siku nzima. Kwa kuwa hakuna pipa lililoteremshwa kabla ya majibu, ilimbidi asubiri. Madereva wengine wangelala ndani ya lori. Yeye alifungua mifuniko kwa spana yake ya shaba, akamsubiri Shangazi achote, kisha akamfuata mpaka mlangoni, akakaa kwenye kigoda nje ya kizingiti, maana ndani hapakuruhusiwa, akaanza kuzungumza.

"Dada, leo nimebeba abiria," angesema.

"Huruhusiwi kubeba abiria, Mzee."

"Huyu hakuomba ruhusa. Nimesimama kununua maji, narudi, namkuta mbuzi amekaa kwenye kiti cha mbele. Nikamwambia shuka. Akanitazama kama mwenye gari. Hati zote za mzigo amekula, amebakiza muhuri tu."

"Muhuri hakuupenda?"

"Labda aliheshimu serikali."

Shangazi Mvuke hakugeuka kumtazama, kwa sababu zebaki ilikuwa inapanda, lakini mabega yake yalitikisika kwa kicheko. Hivyo ndivyo walivyozungumza miaka yote, yeye akiwa amempa mgongo, mzee akizungumza na mgongo huo. Mzee alimsimulia madaraja yaliyozolewa na maji, vizuizi vya polisi, mkewe aliyekuwa akimfungia chakula cha safari kwenye kopo na kuandika juu yake kwa mkaa "usile kabla ya mlima." Naye Shangazi alimweleza anachokiona: "Sasa imefika hamsini na nne." "Hamsini na tano na nusu." "Imetulia." Mzee alipolisikia neno hilo la mwisho aliinuka, akajinyoosha, akasema, "Basi sisi ni watu safi," akaenda kuwaita wapakuzi.

Akinamama wa kufungasha walitania kwamba posa inachemka. Hapakuwa na posa. Kama Shangazi aliwahi kuifikiria, hakuna aliyeambiwa, na Mzee Taratibu hakuwahi kuvuka kizingiti kile kwa neno wala kwa mguu. Lakini siku za lori alivaa kitambaa kizuri kichwani. Hilo halikufichika.

Basi ikafika asubuhi moja ya kiangazi, lori likaingia kama kawaida, na Mzee Taratibu akashuka. Alimsalimia, akafungua mifuniko, akamsubiri achote. Shangazi akasema, "Njia ilikuwaje, Mzee?" naye akajibu, "Nzuri tu." Akakaa kwenye kigoda. Hakuleta mbuzi wala daraja. Alikuwa anaisugua spana kwa kitambaa, anasugua pale palipong'aa tayari.

Pipa la kwanza likatulia hamsini na sita. La pili likatulia. La tatu lilifika hamsini na sita, likapita.

Mwanzoni alidhani ni beseni, maji yamekuwa moto kupita kiasi. Akayapunguza. Zebaki ikafika hamsini na saba, ikasita, ikaenda hamsini na nane. Matone yaliyokuwa yakidondoka haraka yakaanza kujivuta. Hamsini na tisa. Chupa ilikuwa bado na kimiminika kingi, nayo zebaki ikagusa sitini na kuendelea. Akaizima hita ya beseni. Akakisafisha kila chombo, akakikausha, akachota upya, akaanza tena. Ikaanza vizuri, ikapanda vilevile.

"Leo unachukua muda," sauti ilisema nyuma yake.

"Narudia moja."

"Kipimajoto nacho ni kifaa. Kifaa huchoka."

Alifungua droo akatoa kipimajoto kingine, kipya, ambacho hakikuwa kimetumika. Kisha akatoa kabatini chupa ndogo ya asetoni safi iliyofungwa, ile ya kulinganishia, akaichemsha. Kipimajoto kipya kikasimama kwenye hamsini na sita, kimya, kama askari getini. Akarudia pipa la tatu kwa kipimajoto kilekile. Likapanda.

Hakugeuka. Nyuma yake spana iliacha kusuguliwa.

"Dada," Mzee Taratibu alisema.

"Naam, Mzee."

Shangazi alisubiri. Alisikia lori jingine likirudi nyuma uwanjani, mlio wake wa tahadhari ukilia na kukoma. Alichosema Mzee mwishoni ni, "Nitakuwa kwenye gari," na viatu vyake vikaenda zake juu ya kokoto.

Mapipa mengine yote yalitulia. Lilikuwa hilo moja tu.

Shangazi alikaa mbele ya meza, karatasi ya majibu mbele yake, kalamu mkononi. Mtu anaweza kuuliza: pipa moja, katika mzigo mzima, lingefanya nini? Jibu alilijua. Miaka ya nyuma, kabla ya kila pipa kupimwa, asetoni yenye maji iliingia kwenye rangi nyekundu. Rangi ikawa na ukungu na mabonge, ikarudishwa kutoka sokoni, na kwa kuwa hakuna aliyejua chanzo, walilaumiwa wachanganyaji. Akinamama watatu waliondolewa kazini kwa uzembe ambao hawakuufanya. Mmoja wao alikuwa anamnyonyesha mtoto. Shangazi alimkumbuka akitoka getini, ameshika kopo lake la chai, hajui alitupe au aende nalo.

Kwa hiyo aliandika kile alichokiona. Aliandika polepole, kwa mwandiko mzuri, kana kwamba mwandiko mzuri ungepunguza kitu. Akaipeleka karatasi kwa meneja mwenyewe badala ya kumtuma mtu. Meneja aliisoma, akamwuliza kama ana hakika, naye akasema ana hakika. Meneja akainua simu, akapiga ghalani.

Aliporudi, lori lilikuwa limeshaondoka na mapipa yote. Meneja aliukataa mzigo mzima. Kigoda kilikuwa mahali pake. Alikiingiza ndani, akakitoa tena, hakujua kwa nini.

Lori lililofuata lililetwa na dereva mwingine, kijana mwenye visikilizio masikioni, aliyefungua mifuniko na kurudi kulala kwenye kiti chake. Shangazi alichota, akapima, akasema "Imetulia" kwa sauti kabla hajajishika. Chumba kilikuwa kitupu. Kwa siku kadhaa baada ya hapo alifanya kazi amefunga midomo kabisa, kama mtu mwenye jino bovu.

Alimwuliza mlinzi wa getini. Walinzi wanajua yote, na wasilolijua wanalibuni. Mlinzi alisema Mzee Taratibu ameachishwa kazi siku ileile, kwamba ghala lilimwita mwizi, kwamba ati alikuwa anauza asetoni njiani na kujaza maji.

"Ati," Shangazi alisema.

"Ndivyo wanavyosema. Mimi nasema yule mzee hata embe la jirani angeliokota na kulirudisha mtini."

"Anakaa wapi?"

Mlinzi alimtazama, akataka kutania, akauona uso wake, akaacha. Akamwelekeza: amehamia kwa binti yake, mtaa ulio nyuma ya soko la mitumba, nyumba yenye geti la bati la kijani.

Alikwenda Jumapili mchana. Alibadilisha nguo mara mbili, akaishia kuvaa zilezile za mwanzo. Hakubeba zawadi, maana hakuona ni zawadi gani unayompelekea mtu uliyemfukuzisha kazi. Njia nzima alipanga maneno: ningetaka ujue kwamba, haikuwa nia yangu. Alipofika kwenye geti la kijani maneno yote yakatawanyika kama kuku.

Binti alifungua. Alikuwa na mtoto mgongoni na uso wa baba yake, ila usio na mchezo.

"Shikamoo," binti alisema, kwa sababu alilelewa vizuri.

"Marahaba, mwanangu. Namtafuta baba."

"Niseme nani?"

Alifikiri. "Mwambie wa maabara."

Uso wa binti ukajifunga kama duka. Hata hivyo alimpisha, akamletea kiti uani, akamletea maji kwenye glasi safi, akayaweka mezani bila neno na kuondoka. Maji yale yalikuwa baridi sana. Shangazi aliyanywa yote kwa kukosa la kufanya.

Mzee Taratibu alitoka akiwa na shati lililopigwa pasi. Alikuwa amekonda. Aliketi mbele yake, na hapo wote wawili wakagundua jambo la ajabu: katika miaka yote ile hawakuwa wamewahi kukaa wakitazamana. Mzee aliujua mgongo, Shangazi aliijua sauti. Ikawa kama wanatambulishwa upya, na hakuna wa kuwatambulisha.

"Umepotea njia, Dada?" alisema mzee.

"Hapana. Nimekuja kwako."

"Karibu."

"Wanasema ulikuwa unauza."

"Wewe unasemaje?"

"Mimi nilipima tu. Kipimajoto hakisemi ni nani, wala kwa nini."

Mzee alitikisa kichwa, akaitazama mikono yake. Kisha akaeleza, bila haraka, kama alivyoendesha. Ubao wa lori ulikuwa umeng'oka, msumari ukalitoboa pipa ubavuni kwa juu. Aliusikia mzigo ukinuka, akasimama, akaliinamisha, akaziba tundu kwa sabuni, lakini kiasi kilikuwa kimeshamwagika. Mwaka uliopita alikuwa amepata ajali ndogo, si kosa lake, na ghalani walimwambia kwamba likitokea jingine atafute pa kwenda. Dereva wa umri wake hana pa kwenda. Akasimama kwenye kituo cha mafuta, penye bomba la kuoshea magari, akajazia maji.

"Nilijua yanachanganyika, hayaonekani," alisema. "Nilijua pia kwamba wewe utayaona. Miaka yote hiyo nimekaa pale nakusikiliza. Najua hamsini na sita kuliko ninavyojua tarehe ya kuzaliwa kwangu. Lakini mtu akiogopa, akili inakaa nyuma, miguu inatangulia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilianza kusema."

"Ulisema 'Dada,' ukanyamaza."

"Nawe ulisema 'Naam, Mzee,' ukanyamaza. Hukugeuka."

Ndani ya nyumba mtoto alilia, akabembelezwa, akanyamaza. Shangazi aliishika glasi tupu kwa mikono miwili.

"Ningegeuka ungesema nini?" aliuliza.

"Ningekuomba uniache nirudi na pipa lile mwenyewe, kabla hujaandika. Nisimame mbele ya bosi wangu, niseme nimemwaga, nimejaza maji, nimekosa. Labda angenifukuza vilevile. Lakini anayekiri si sawa na anayeshikwa. Anayekiri ni mzembe. Anayeshikwa ni mwizi. Binti yangu sokoni sasa ni mtoto wa mwizi."

Shangazi Mvuke hakuwa mtu wa machozi, na hata pale hayakutoka. Siku ile mezani pake aliona njia mbili tu, kuandika au kuficha, akachagua iliyo ya haki, na bado alijua kwamba ilikuwa ya haki. Hiyo ya tatu haikumjia kabisa. Ilikuwa nyuma yake, kwenye kigoda, ikimsubiri ageuke.

"Naweza kwenda ghalani," alisema. "Nikaeleze kwamba mapipa mengine yote yalikuwa mazima. Mwizi haachi mapipa yote akaiba kwenye moja tu."

"Nenda ukitaka."

"Utarudi?"

"Hapana, Dada. Hata wakinirudisha sitarudi. Ila binti atashukuru."

Hakumsindikiza mpaka getini. Aliinuka tu, akampa mkono, na mkono ule ulikuwa mkavu na wenye nguvu, akasema, "Ufike salama." Hakusema kwamba amemsamehe. Shangazi hakuuliza. Wakati mwingine mtu anaogopa kipimo cha aina hiyo, kwa sababu hakirudiwi.

Ghalani alikwenda. Aliomba ruhusa siku ya kazi, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mazishi ya mama, akapanda basi mpaka mji ule mwingine, akamsubiri bosi wa ghala kwenye benchi mpaka makalio yakafa ganzi. Bosi alikuwa mwanamume mnene, mwenye haraka, lakini si mtu mbaya. Alimsikiliza. Shangazi alimweleza habari ya pipa moja na mapipa mazima, akamwomba waliangalie lile pipa ubavuni. Wakaenda nyuma kulitafuta. Walilikuta kwenye kona ya vyuma chakavu, na kweli, ubavuni juu palikuwa na tundu dogo lililozibwa kwa sabuni iliyokauka.

Bosi alilitazama kwa muda. "Sasa kwa nini hakusema, mzee huyu? Aliniangalia tu nilipomwita mwizi."

"Sijui," alisema Shangazi, ingawa alijua.

Bosi akasema kazi hawezi kumrudishia, kwa sababu maji alitia, na hilo ni kosa. Lakini atamlipa haki zake, na neno "mwizi" ataliondoa, atawaambia madereva wenzake kwa mdomo wake. Alilitimiza. Habari zilifika kiwandani kupitia mlinzi, zikiwa zimenenepa njiani kama kawaida: ati Shangazi Mvuke alimshika bosi wa ghala kwa tai. Akinamama wa kufungasha walimtazama kwa heshima mpya kwa juma zima. Wawili walimwita wakale pamoja. Alikwenda, akakaa mwisho wa benchi, akasikiliza habari za wifi wa mtu fulani na mashine ya mtu fulani ya kushonea. Walimchekea, wakampa nafasi. Hakujua aweke mikono wapi. Kesho yake alikwenda tena, keshokutwa akala mezani kwake.

Mzee Taratibu alihamia kwa mtoto wake wa kiume, mbali, mahali pa mvua nyingi. Binti ndiye aliyemwambia Shangazi, walipokutana sokoni kwa bahati. Safari hii binti alisimama, akauweka mzigo chini, wakaongea kidogo. Alimpa namba ya simu. "Mpigie, shangazi. Huko hana wa kuongea naye. Kaka yangu ni mtu wa kazi, maneno hana."

Alipiga Jumamosi moja jioni. Simu iliita sana, kisha sauti ikasema, "Nani mwenzangu?"

"Wa maabara."

"Dada. Mvua huku inanyesha mpaka vyura wanatafuta mwavuli."

Alicheka. Kicheko kilimtoka kwa ghafla, hata mama wa mapacha akachungulia mlangoni kwake. Wakaongea habari ya mvua, ya wajukuu, ya magoti. Habari ya pipa hakuna aliyeigusa. Kisha mtandao ukakatika katikati ya neno, akapiga tena, haukuita. Alipiga kesho yake, wakaongea kwa ufupi. Baada ya hapo walipigiana mara chache, na kila mara simu ilikuwa fupi kuliko iliyotangulia, kwa kuwa mazungumzo yao yalizoea kitu cha kutazama pamoja, na sasa hakuna kilichokuwa kinapanda wala kutulia kati yao. Mwishowe zikabaki salamu za sikukuu.

Kazini alibadilisha jambo moja, bila kumwomba mtu ruhusa. Pipa likikataa kutulia, na yalikuwepo ya aina hiyo, ingawa si mengi, alipima mara ya pili, akaiacha kalamu mezani, akatoka nje mpaka kwenye lori kabla ya kuandika chochote. Mara ya kwanza ilikuwa kwa yule kijana wa visikilizio. Alimgongea dirisha la gari. Kijana akashusha kioo, akatoa kisikilizio kimoja.

"Pipa lako la pili lina maji," alimwambia. "Nitaandika hivyo. Lakini kwanza nimekuja kukuuliza kama kuna jambo unataka kusema."

Kijana alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Hapana, shangazi. Mimi nimekabidhiwa likiwa limefungwa. Andika tu."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Ahsante kwa kuuliza."

Akarudisha kisikilizio chake, akajilaza. Shangazi Mvuke alivuka uwanja wa kokoto, jua limemkaa utosini, akaingia ndani, akaosha vyombo vyake kimoja kimoja, akavipanga vikauke. Kisha akaketi, akavuta karatasi, akaandika.